Neema si nguvu: juu ya maneno mawili ya katekisimu na kitabu cha Padri Tempels

Kuna maneno tunayoyasema kila siku mbele ya altare bila kuyaangalia tena. Neno «neema» ni mojawapo. Katekista analifundisha, padri analihubiri, mama analisali katika rozari yake. Kila mtu anadhani analijua. Lakini simama kidogo, ndugu msomaji, uulize: neema ni nini? Jibu tunalolisikia sana ni hili: neema ni nguvu ya Mungu inayoingia ndani ya mtu.

Jibu hilo si baya lote. Tunataka lakini kuonyesha hapa kwamba linapotosha. Tunataka pia kuonyesha kwamba lilipata msaada mkubwa hapa kwetu Katanga, katika kitabu ambacho kila mseminari anakijua kwa jina, hata kama hajakisoma: La philosophie bantoue cha Padri Placide Tempels. Kitabu hicho kinastahili heshima. Ndiyo maana kinastahili pia kupimwa kwa haki.

1. Kitabu na fundisho lake

Padri Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akaishi miaka mingi kati ya Waluba wa Katanga. Kitabu chake alikiandika kwa Kiflama. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka mwaka 1945 katika mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Na mwaka 1949 Présence Africaine ikaitoa tena huko Paris. Wakati ule Wazungu wengi walisema kwamba mtu mweusi hana filozofia, ana desturi tu na hofu. Padri Tempels alijibu: sivyo. Watu hawa wanafikiri, na mawazo yao yanashikamana kama matofali ya nyumba moja. Sisi wageni ndio hatujaingia mlangoni. Kusema hivyo mwaka 1945, katika nchi iliyotawaliwa, halikuwa jambo dogo. Mgr Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa Vikari wa Kitume wa Katanga, hakukipenda kitabu hicho. Wengine wengi, Afrika na Ulaya, walikipokea kwa furaha.

Fundisho lenyewe ni hili kwa ufupi. Mzungu akifikiri juu ya kitu, anaona kwanza kwamba kitu kiko, halafu anaona kwamba kina nguvu. Muntu hatenganishi mambo hayo mawili. Kwake kuwa ni nguvu, na nguvu ni kuwa. Mungu ni mwenye nguvu kupita wote. Baada yake wanafuata wazee wa kwanza wa ukoo, na wafu wengine, na watu walio hai, kisha wanyama, mimea na mawe. Kila kimoja kina cheo chake katika ngazi hiyo. Ugonjwa ni kupunguziwa nguvu. Baraka ni kuongezewa. Mwishoni mwa kitabu Padri Tempels anafika kwenye dini yetu. Anaona kwamba tamaa hiyo ya Muntu, yaani kukua na kuimarika ndani yake, inajibiwa hasa na mafundisho ya Eklezia juu ya neema.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama. Kwa maana ikiwa kuwa ni nguvu, na neema ni kuongezewa kuwa, basi neema itakuwa nguvu juu ya nguvu. Je, ni kweli?

2. Nguvu katika kinywa cha watu

Swali la kwanza ni jepesi: je, watu wanasema hivyo? Padri Tempels alisikiliza salamu, maombi na maneno ya msiba, na hilo lilikuwa jema. Lakini neno la Kifaransa «force» aliliweka kama kifuniko kimoja juu ya vyungu vingi, na watu wenyewe hawavichanganyi vyungu hivyo.

Tuangalie Kiswahili chetu. Tunasema: mgonjwa hana nguvu. Hakuna anayefikiri kwamba kwa sababu hiyo mgonjwa amepungua kuwa mtu. Tunasema: motere hii iko na nguvu, pombe ile iko na nguvu, mkubwa wa kazi iko na nguvu. Nguvu ni jambo ambalo mtu analo au hana. Zinakuja, zinakwenda, mwenyewe anabaki. Anayesema «mtu yule iko na nguvu» amekwisha kumtenga mtu na nguvu zake. Namna yetu ya kusema inakataa kwamba kuwa na nguvu ni jambo moja.

Tena, tukisalimiana hatuulizani juu ya nguvu. Tunaulizana: uko mzima? Neno hilo ni tajiri. Mzima ni asiyekufa. Mzima ni asiye mgonjwa. Mtu mzima ni aliyekomaa. Siku nzima ni siku isiyokatwa. Nguvu hupimwa: hizi ni nyingi, hizi ni kidogo, hizi zinashinda za jirani. Uzima haupimwi hivyo. Mkate ni mzima, ama umekatwa.

Padri Tempels angeweza kutujibu kwamba yeye hasemi juu ya nguvu za mikono, anasema juu ya nguvu ya ndani, nguvu ya uzima. Ni kweli, kitabu chake kinasema hivyo. Lakini kama ni hivyo, neno lake si «nguvu» ya watu tena. Ni neno la mwalimu. Mwalimu ana ruhusa ya kutengeneza neno lake. Hana ruhusa ya kuliweka katika kinywa cha Waluba wote, na kupitia kwao katika kinywa cha Wabantu wote.

Hatari hiyo si ya Katanga peke yake. Okot p'Bitek, mwandishi wa Uganda, amesimulia namna mapadri wa Italia walivyowauliza wazee wa Waacholi mwaka 1911 juu ya Muumba. Lugha ya Kiacholi haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya katekisimu. Swali likageuka kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walishangaa, kwa sababu watu wanazaliwa na mama zao. Waliposukumwa wajibu, walitaja Rubanga, yule roho anayesadikiwa kuwapinda watu mgongo kwa kifua kikuu cha mifupa. Na jina hilo likakaa katika vitabu vya dini kuwa jina la Mungu. Swali lilikuwa limekwisha kubeba jibu lake. Vilevile anayekwenda kutafuta nguvu kila mahali, kila mahali ataikuta.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda alipita njia nyingine katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya filozofia ya Wabantu wa Rwanda. Alianza na sarufi ya lugha yake, akapata mafungu manne: umuntu, ndiye mwenye akili, ikintu, ndicho kisicho na akili, ahantu, ndipo mahali pamoja na wakati, ukuntu, ndiyo namna ya kuwa. Unaweza kubisha na kuuliza kama sarufi inatosha kuonyesha filozofia ya watu. Sisi tunaona kwamba haitoshi. Lakini mafungu yake yanatupa swali zuri la kuuliza mbele ya kila neno la katekisimu: jambo hili ni nani? Ni kitu? Ni mahali? Au ni namna ya kuwa? Tushike swali hilo, tutalihitaji sasa hivi.

3. Maana tatu za neno «gratia»

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoanza kufundisha juu ya neema katika Summa (I-II, swali la 110), hakuanza na maneno makubwa. Alianza na namna watu wanavyosema. Neno «gratia», kwa maelezo yake, lina maana tatu. Kwanza ni mapendo ya mtu kwa mwenzake, kama vile askari anavyopata kibali mbele ya mfalme. Pili ni zawadi inayotolewa bure. Tatu ni shukrani ya aliyepokea. Na hizo tatu zinazaana: mapendo yanazaa zawadi, zawadi inazaa shukrani.

Sasa angalia neno letu. «Neema» limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni wema uliopokelewa, mali, riziki, baraka. Katika Kiswahili cha pwani mwaka wa neema ni mwaka wa mavuno mengi. Basi neno hili limeshika vizuri maana ya pili, ile ya zawadi. Maana ya kwanza tunaiita kwa majina mengine: mapendo, kibali. Ya tatu vilevile: shukrani, aksanti. Neno moja la Kilatini limegawanyika kwetu vipande vitatu, na katekisimu imechukua kipande cha katikati.

Hasara yake ni nini? Mtoto anajifunza zawadi, lakini uso wa mtoaji hauonekani. Wala hasikii kwamba shukrani ni mwisho wa safari ileile. Mgiriki anasikia neno «charis», yaani neema, ndani ya neno «eukaristia», yaani shukrani. Sisi tunasema neema siku ya mafundisho, tunasema Ekaristia siku ya Dominika, na hakuna kamba inayoyafunga maneno hayo mawili katika masikio yetu.

Kipande cha katikati kikibaki peke yake, kinaanza kuwa kitu. Na kitu kinataka chombo. Katika Salamu Maria tunamwita Mama wa Mungu aliyejaa neema, na tunaona kama chungu kilichojaa maji mpaka ukingoni. Picha hiyo si kosa la Kiswahili, imetoka katika Kilatini. Kigiriki cha Mtakatifu Luka kinasema zaidi juu ya tendo la Mungu: Maria ni yule ambaye Mungu amemtazama kwa mapendo na kumpa kibali chake. Picha ya chungu si ya uwongo. Lakini ikiwa peke yake, tutauliza maswali ya chungu: imejaa kiasi gani, imepungua lini, nani ana nyingi.

Mtakatifu Tomaso anatukinga na jambo hilo. Anafundisha kwamba neema ndani ya roho ya mtu si kitu kinachosimama peke yake. Ni sifa ya roho. Turudi kwa swali la Padri Kagame. Neema ni nani? Hapana, Mungu peke yake ndiye anayejitoa kwetu. Ni kitu? Hapana. Ni ukuntu: ni namna mpya ya kuwa, anayoipata yule anayependwa na Mungu na kukubali kupendwa.

4. Jambo hili si ugomvi wa maneno

Mwingine atasema: ninyi wa seminari mnapenda kugombana juu ya maneno, watu wanataka kusali. Tunajibu: ni kwa ajili ya watu wanaosali.

Katika Katuba, Kenya, Kamalondo na pande zote za mji wetu, makanisa ya uamsho ni mengi, na wakristu wetu wanaingia huko na kutoka. Huko wanasikia juu ya mafuta yenye nguvu, maji yenye nguvu, na mchungaji mwenye nguvu kupita wengine. Wanasikia kwamba neema ni kazi, nyumba, safari ya Ulaya. Tusiwacheke. Neno «neema» katika Kiswahili lina njia ya kwenda huko, kwa sababu ni riziki na mavuno. Na kama sisi wenyewe tumewafundisha kwamba neema ni nguvu, tumewaonyesha njia: anayetafuta nguvu ana haki ya kwenda kwa mwenye nguvu zaidi.

Fikiri juu ya mgonjwa. Padri ameitwa, amempaka mafuta matakatifu, na baada ya siku mbili mgonjwa amekufa. Ikiwa neema ni nguvu, jamaa zake watauliza swali moja tu, tena litakuwa swali la haki: nguvu ilikuwa wapi? Ama padri ni dhaifu, ama mafuta ni dhaifu, ama kuna mtu aliyekuwa na nguvu ya kushinda ile. Na swali hili la mwisho linaelekea moja kwa moja kwa mganga na kwa kutafuta mlozi katika ukoo. Mara ngapi mtoto mdogo au bibi kizee ameonewa kwa swali hilo!

Hata fundisho la Mtaguso wa Trento la mwaka 1547, kwamba sakramenti zinatoa neema kwa tendo lenyewe lililotendwa, linasikika vibaya katika sikio la namna hiyo. Mtaguso ulitaka kumkinga maskini: hata padri akiwa mkosefu, Mungu hakosi kutimiza ahadi yake. Lakini weka «nguvu» mahali pa «neema», na fundisho lilelile linakuwa fundisho la dawa: tamka maneno vizuri, itafanya kazi.

Kuna lakini neno la kutupinga, tena ni zito, nalo limetoka katika Maandiko Matakatifu. Je, Biblia yenyewe haisemi juu ya nguvu? Inasema. Basi tusome mahali pawili.

Katika Waraka wa pili kwa Wakorinto, sura ya 12, Mtakatifu Paolo anaomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Hauondolewi. Anaambiwa kwamba neema inamtosha, na kwamba nguvu ya Mungu inakamilika katika udhaifu. Angalia: nguvu ipo, lakini inabaki ya Mungu. Kwa Paolo kinachobaki ni mwiba pamoja na neema. Neema ilikuwa nzima pale ambapo nguvu za mtu zilikosekana.

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, mwanamke mwenye kutokwa damu miaka 12 anafikiri kabisa kama tulivyoeleza: nguo ya Yezu ina nguvu, nitaigusa kwa siri, nitapona. Na nguvu kweli inatoka, na anapona. Kama neema ingekuwa nguvu, habari ingeisha hapo. Haikuisha. Yezu anasimama. Anageuka, anamtafuta kati ya kundi, mpaka wanafunzi wanashangaa. Kwa nini anamtafuta, na mama amekwisha kupona? Kwa sababu alikuwa amepata nguvu na hajapata uso. Anakuja akitetemeka, anasema yote, na Yezu anamwita binti yake, anamwacha aende kwa amani, mzima. Kutoka nguvu mpaka uzima, na katikati mtu ameonana na Mtu. Hatujui mahubiri mazuri juu ya neema kupita habari hiyo.

5. Padri Tempels baada ya kitabu chake

Haki inatudai tuseme na hili. Padri Tempels hakubaki katika kitabu cha 1945. Alipokuwa Ruwe, karibu na Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, ilizaliwa mnamo mwaka 1953 ile Jamaa ambayo wazee wetu wanaikumbuka vizuri. Maneno yake makubwa yalikuwa matatu: uzima, uzazi, mapendo. Neno «nguvu» si mojawapo ya hayo matatu. Mwaka 1962, mwaka ambao alirudi Ubelgiji, alitoa kitabu kidogo, Notre rencontre, na jina lake lasema yote: kukutana kwetu. Yule aliyekuja kama mwalimu mwenye kuchunguza mawazo ya Muntu alikuwa amekaa mezani na bwana na bibi fulani wa kambi, na kutoka kwao alijifunza kwamba swali lao la ndani halikuwa «nitapata wapi nguvu?» Lilikuwa «nitapendana na nani?»

Kwa maoni yetu, hapo alikuwa karibu zaidi na Mtakatifu Tomaso kuliko alipoandika juu ya ngazi ya nguvu. Askari na mfalme, bwana na bibi, padri na watu wake: mapendo kwanza, zawadi baadaye.

Jamaa nayo ilipata shida zake. Kulikuwa na vikundi vilivyogeuza maneno matatu kuwa ngazi ya vyeo, na mafundisho kuwa siri. Vingine viliachana na maaskofu. Hata neno «mapendo» likifungwa kwa siri linaweza kuwa aina ya nguvu. Hakuna neno lililo salama lenyewe, bila mtu wa kulilinda.

6. Tufanye nini?

Hatusemi neno «neema» liachwe. Limekwisha kusaliwa na mababu zetu, na neno lililosaliwa halitupwi. Tukumbuke mfano wa mababa wa Eklezia. Mwaka 362, huko Aleksandria, Mtakatifu Atanasi aliona wakristu waliogombana vikali: hawa walisema katika Mungu kuna «hypostasis» tatu, wale walisema ni moja tu. Hawakuanza kwa kuhukumiana. Waliulizana: ninyi mnataka kusema nini kwa neno hilo? Wakaona kwamba wengi walikuwa na imani moja, kwa maneno tofauti. Nasi tunaweza kuwa na shida iliyogeuzwa: neno moja, na imani tofauti chini yake. Dawa ni ileile: kuulizana.

Kwa katekista, basi, tunaomba mambo matatu. La kwanza: asifundishe «neema» peke yake. Aiweke kila mara kati ya dada zake wawili: mapendo mbele, shukrani nyuma. Mungu amenipenda, amenipa, nasema aksanti. Mtoto wa miaka saba anaelewa hayo, na Mtakatifu Tomaso hangeyakataa. La pili: akitaka picha ya ndani ya mtu, atumie uzima kuliko nguvu, salamu ya kila asubuhi itamsaidia. La tatu: baada ya kufundisha, awape watu nafasi waseme kwa maneno yao wenyewe, kisha anyamaze asikilize. Wakisema juu ya kuongezewa na kupunguziwa tu, kazi haijaisha.

Na kwa padri anayeitwa usiku kwa mgonjwa tunasema hivi. Usiwaahidi jamaa nguvu. Mkono wako juu ya kichwa cha yule mama ni ishara kwamba Mungu amegeuka katikati ya kundi, amemtafuta, amemwita binti yake. Akipona, tutamshukuru Mungu. Akifa, hakufa kwa kukosa neema. Waambie hivyo wazi, palepale kando ya kitanda, kabla mwingine hajawaambia habari ya mlozi.